Mke Mwenza wa Dizeli

Machi 2
Mashua imepandishwa nchi kavu leo asubuhi, na mvua ikatushukia kabla hawajamaliza kuweka magogo ya kuishikilia. Tutakaa hapa uwanjani mpaka mvua ziishe, kama kila mwaka. Tofauti ya mwaka huu ni karatasi ya daktari iliyomo mkobani mwangu. Mapafu ya Mzee yamechakaa. Miaka thelathini na minne ya kuinamia injini za dizeli kwenye vyumba visivyo na dirisha, na sasa daktari anamwambia, tena kwa upole, "Moshi basi, baba. Hata wa injini yako mwenyewe."

Mzee akamuuliza kama na kupumua nako ni basi. Daktari hakucheka, na mimi sikucheka.

Nyumbani kwetu ni humu humu mashuani: chumba kimoja, vitanda viwili vyembamba, jiko dogo la gesi, meza inayokunjwa. Na chini ya ngazi ya kuingilia, nyuma ya mlango wa mbao, yupo yeye. Injini ya silinda tatu ambayo Mzee aliipata ikiwa mbovu mwaka ule ule alionioa. Watu wa uwanjani wanaiita Bi Mkubwa, wakinitania kwamba nimeolewa uke wenza. Huwa nawajibu kwamba angalau mimi sivuji mafuta.

Tuliahidiana kwamba akistaafu tutakwenda kwa binti yetu kwa mashua, siku sita baharini, sisi wawili tu. Amestaafu tangu mwaka jana. Injini ikibaki, hawezi kuishi humu. Injini ikitoka, anasema hana la kufanya humu. Hapo ndipo tulipo, na nimechoka kabla ya kuanza.

Machi 3
Ngazi ya kupandia mashuani ina vipago kumi na moja. Mzee amepumzika mara moja, kwenye cha saba.

Machi 6
Mvua. Mara moja, kwenye cha sita.

Machi 9
Nimefanya jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya kwa hiari yangu: nimempigia wifi.

Mdogo wake Mzee ni fundi umeme. Toka utotoni wanamwita Shoti, na jina limemkaa, maana ukimgusa vibaya unatetemeka. Kwa miaka yote hii tumesalimiana kwa adabu na kuachana kwa adabu. Anachelewa, anaongea sana, na kila akija hupitisha macho kwenye sufuria zangu kama mkaguzi. Lakini ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kufunga mota ya umeme kwenye mashua ya tanga.

Alinisikiliza bila kunikatiza, nikajua ameshtuka. Kisha akasema, "Wifi, mimi naweza. Lakini kaka atanila nyama."

"Akule," nikamwambia. "Mimi ameshanimaliza."

Machi 11
Shoti aliahidi kuja saa tatu. Amekuja saa saba, viatu vya tope mpaka kitandani kwangu.

Machi 12
Nimefua shuka.

Machi 17
Leo wamekaa mezani, kaka na dada, kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana, nami nikiwa jikoni hatua mbili kutoka kwao. Nayaandika waliyosema kwa sababu kila mmoja ana haki yake, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Mzee alisema: Tangi moja la dizeli linanipeleka siku mbili usiku na mchana bila upepo. Betri zako zitanipeleka mpaka wapi?

Shoti alisema: Ukienda polepole, saa tano au sita. Ukikimbia, saa moja na kidogo.

"Saa moja! Na dhoruba ikinikuta penye mawe?"

"Utakuwa na tanga, kaka. Hii ni mashua ya tanga. Injini ni msaidizi tu. Wewe miaka yote hii umeifanya mashua kuwa msaidizi wa injini."

Hapo nilitaka kumpigia makofi, lakini mikono ilikuwa na unga.

Akaendelea kumweleza. Upepo ukishika tanga na mashua ikakimbia, maji yanaizungusha propela, propela inaizungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Juu kutakuwa na sola. Hakuna mafuta, hakuna chujio la kubadilisha, hakuna moshi. Mzee akamuuliza ikiharibika katikati ya bahari ataitengeneza kwa kutumia nini. Kwa spana gani? Dizeli akiikuta imezimika anajua ni hewa imeingia kwenye njia ya mafuta, au uchafu, au maji. Anaweka kiganja, anasikiliza, anajua. "Hicho kisanduku chenu kikizimika nitakiwekea kiganja nisikilize nini?"

Shoti akatazama kiganja chake. Ni kweli pia. Watu wanamwita Fundi Kiganja kwa sababu hiyo: kabla hajafungua hata nati moja, huweka mkono juu ya injini na kufumba macho, na akiufumbua mdomo ugonjwa umeshajulikana. Mkono huo umetulisha miaka yote.

Ngazi: mara mbili. Cha tano na cha tisa.

Machi 21
Mvua. Mara mbili.

Machi 24
Jirani yetu wa mashua nyeupe, yule tunayemwita Bwana Shauri, amekuja na mwavuli kutoa ushauri. Bwana huyu hana injini ya aina yoyote, mashua yake haijaingia majini mwaka wa nne huu, lakini kuhusu injini za wengine yeye ni bingwa. Alimwambia Mzee umeme na maji ya chumvi ni paka na panya. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata wakili. Nikampa Bwana Shauri mwavuli wake mkononi, nikamwambia mvua imepungua. Ilikuwa haijapungua.

Machi 29
Nimetulia kidogo, naweza kuandika.

Leo nilikwenda dukani kutafuta gundi ya kuzibia dirisha la mbele linalovuja. Sikukaa hata saa moja. Nilipokuwa narudi, nikiwa bado getini, nikaisikia. Unaweza kuwa na mume aliyekuacha na bado ukaitambua sauti ya kikohozi chake. Mimi nimeishi na sauti ya injini ile zaidi ya nusu ya umri wangu. Bi Mkubwa alikuwa anaunguruma, juu ya magogo, nchi kavu, na moshi unatoka nyuma ya mashua na kulala chini kwa sababu ya mvua.

Nilipanda vipago kumi na moja bila kuvihesabu. Alikuwa ametumbukiza mpira wa maji kwenye ndoo ili injini ipate cha kupozea, na madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya mvua. Alikuwa amekaa sakafuni, mlango wa injini wazi, kiganja kikiwa juu ya kifuniko cha vali. Macho yamefumbwa. Midomo ilikuwa rangi ya majivu.

Nikaizima. Nikafungua kila kilichofunguka. Nikamburuta mpaka kwenye hewa, yeye mtu mzima, mimi na mgongo wangu huu. Alikohoa mpaka nikadhani roho inatoka. Zahanati walimweka kwenye hewa ya mtungi mpaka alasiri, na muuguzi akaniuliza mimi, si yeye, tulikuwa tunafikiria nini.

Jioni, akiwa amelala kwa mito mitatu, nikamuuliza kwa nini.

"Nilikuwa namuaga," akasema.

Nilikasirika mpaka machozi. Nikamwambia anaaga chuma na kuniacha mimi bila kuagwa. Nikamwambia sikuolewa na fundi, nimeolewa na mtu, na mtu huyo namtaka akiwa hai, hata akae kama gogo. Kisha akasema jambo ambalo bado liko kifuani mwangu: "Ndiyo hilo, mama. Hilo gogo. Mtanibeba mashuani kama mzigo, mtanishusha kama mzigo. Mnanizika kidogo kidogo."

Nikamfunika miguu.

Machi 30
Amesema, akitazama ukuta, "Mwambie Shoti aje." Basi.

Aprili 3
Bi Mkubwa ametoka leo kwa winchi, akining'inia katikati ya mvua kama ng'ombe anayepakiwa melini. Fundi wa boti za uvuvi amemchukua. Mzee alisimama chini kwa mwavuli wa Bwana Shauri mpaka gari lilipokata kona. Kisha akalichukua daftari la injini, lile jeusi aliloandika kila saa ya kazi na kila oili iliyobadilishwa, akalifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda.

Nilidhani nitafurahi. Mke mwenza katoka, nyumba yote yangu. Nimekaa kwenye ngazi nikitazama lile shimo tupu lenye alama nne za skrubu, na nimelia.

Aprili 4
Nimesugua shimo kwa sabuni. Harufu haitoki.

Aprili 7
Nimesugua tena.

Aprili 12
Shoti yuko ndani ya shimo siku ya nne sasa, miguu tu ndiyo inaonekana. Mota yenyewe haifiki ukubwa wa sufuria yangu ya wali, lakini betri ni nane na kila moja ni mzigo wa watu wawili. Tulizibeba mimi na yeye. Kwenye betri ya tano tulikwama katikati ya ngazi, yeye juu, mimi chini, hakuna wa kusonga wala kurudi, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka nikaogopa tutaiachia.

Akaniambia, tukipumzika, kwamba Mzee ndiye aliyemfundisha kushika spana, na baba yao hakutaka. "Alikuwa ananificha chini ya gari la watu ili baba asinione. Sasa leo mimi ndiye nimemng'olea injini yake. Unadhani ninalala, wifi?"

Miaka yote hii nilidhani anakagua sufuria zangu. Kumbe hana pa kuweka macho akiwa mbele ya kaka yake.

Mzee hajaingia mashuani tangu Bi Mkubwa aondoke, ila kulala. Mchana anakaa kwenye kibanda cha mlinzi. Ngazi: mara mbili.

Aprili 15
Mvua mchana kutwa. Dirisha la mbele bado linavuja.

Aprili 20
Nikitandika kitanda nimekuta kitabu cha maelekezo ya mota chini ya mto wa Mzee. Kina alama ya dole gumba lenye grisi ukurasa wa tisa, wa kumi na mbili, na kuendelea. Nimekirudisha kama kilivyokuwa. Sikusema kitu, wala sitasema.

Aprili 26
Ngazi: mara moja, cha nane. Nimehesabu vizuri.

Mei 2
Mota imewashwa kwa mara ya kwanza. Nasema imewashwa kwa sababu Shoti alisema imewashwa. Nilichosikia mimi ni feni ndogo, na nilipochungulia nyuma nikaona propela inazunguka hewani.

Mzee alikuwa amesimama chini. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, kaka."

"Mtu atajuaje kama inafanya kazi?"

"Kuna kioo ndani, kinaonyesha. Utasoma."

Akarudi kibandani kwa mlinzi. Shoti akanifundisha mimi, maana mimi ndiye nitakayeshika usukani. Wenzo wa mwendo kando ya usukani ukiwa mbele, unakwenda mbele. Nyuma, unarudi nyuma. Ukishapandisha tanga, wenzo unakaa katikati, ndipo inachaji. "Katikati, wifi. Usiuguse." Alirudia mara tatu, nikamwambia mimi si mtoto.

Mei 9
Tumeshushwa majini. Hakuna tena ngazi ya kuhesabu. Mvua zimebaki za rasharasha.

Mei 14
Nina aibu ya kuandika, na nitaandika.

Tulitoka asubuhi kufanya majaribio: mimi usukanini, Shoti na mkoba wake wa vifaa, na Mzee amekaa pembeni ndani ya koti la mvua, mikono magotini, kimya. Mzigo, kama alivyosema. Tuliondoka gatini bila sauti. Bwana Shauri alisimama na mwavuli akitafuta neno, hakulipata.

Nje ya bandari upepo ulikuwa mzuri. Nikapandisha tanga kubwa, likashika. Jua lilikuwa limeanza kupasua mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilihisi mabega yangu yanashuka. Shoti naye alihisi kitu kingine, kwa sababu ghafla aligeuka rangi, akashuka chini na ndoo na kujilaza. Fundi umeme wa mashua, na bahari haimtaki. Mzee akalivua koti lake, nikalipokea, nikalitundika kwenye msumari wa mlangoni.

Tulikwenda hivyo zaidi ya saa mbili, tukienda na kurudi mbele ya bandari. Lakini mashua ilikuwa nzito. Tumbo lake tumelisugua na kulipaka rangi juzi tu, na upepo ulikuwa wa kutosha, lakini ilikuwa inajivuta kama mtu aliyelazimishwa kwenda msibani. Nikasema ni uzito wa betri.

Mzee akasema, neno lake la kwanza toka tuondoke, "Hapana. Inaburuta kitu."

Akainuka. Akashuka ndani taratibu, mkono kwa mkono, nikamsikia anamwambia dada yake asogeze miguu. Akafungua ule mlango wa mbao ambao hakuwa ameugusa tangu Aprili. Nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti, na kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya beringi ya shafti, chuma kinachozungusha propela, macho yamefumbwa.

Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasema, "Inafanya kazi."

"Nani?"

"Huyu wenu. Inafanya kazi, na inazunguka kinyume. Mama, wenzo uko wapi?"

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kuume ulikuwa juu ya wenzo, na wenzo ulikuwa nyuma. Nyuma kidogo tu, pale pale palipokuwa na rivasi ya Bi Mkubwa. Kwenye dizeli, ukishazima injini na kupandisha tanga, unavuta rivasi ili gia ikamate shafti, isizunguke bure na kula beringi. Mzee alinifundisha hilo mwaka wa kwanza wa ndoa, na nilipokuwa nasahau alikuwa ananigonga vidole kwa bisibisi. Sijasahau tena. Mimi niliyeutaka huu umeme, mimi niliyegombana na kila mtu, nilipandisha tanga na mkono wangu ukaenda wenyewe mpaka kwenye dizeli. Zaidi ya saa mbili tanga linatuvuta mbele na mota inatuvuta nyuma, kimya kimya, ikizinywa betri.

Shoti akanyanyuka na ndoo yake kutafuta kioo cha betri. Kilikuwa nyuma ya koti nililotundika. Asilimia kumi na tisa.

Na upepo, kama unavyojua kuchagua wakati, ukaanza kufa. Mlango wa bandari uko hapo mbele, mawe kushoto, na mkondo unasukuma kushoto. Nikashika wenzo kuusukuma wote mbele, tutoke pale upesi.

"Acha!" Mzee, kutoka chini, kwa sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima. "Ukiikimbiza hufiki. Ukipunguza mwendo nusu, umeme unaotumika haupungui nusu, unapungua zaidi sana. Ukurasa wa kumi na nne."

Shoti akamtazama kaka yake, akasahau hata kutapika.

"Tanga liache juu, hata likipata pumzi moja tuichukue. Sasa sukuma kidogo. Kidogo. Bado." Kiganja chake kilikuwa kwenye shafti, na mimi nikisukuma kwa unene wa ukucha. "Hapo. Hapo hapo, usitikisike."

Tuliingia bandarini kwa mwendo wa bibi anayekwenda kuchota maji na hana haraka. Mawe yalipita kushoto, karibu kiasi cha kuona kaa juu yake. Hakuna aliyesema kitu isipokuwa yeye, kila baada ya muda: "Punguza. Vizuri. Mkondo umeshika, ongeza. Basi." Shoti alisoma kioo: kumi na mbili, tisa, saba. Tuligusa gati kwenye nne.

Nilikaa chini, nikasema ni kosa langu. Nilitegemea atasema neno, na alikuwa na haki nalo. Miezi miwili na nusu nimemhubiria. Alikuwa bado amepiga magoti pale chini, anahema, lakini anahema kama mtu aliyetoka kazini.

"Ina homa kidogo upande wa nyuma," akamwambia Shoti. "Beringi umeikaza mno."

Shoti akaweka kiganja chake kando ya cha kaka yake. "Haki ya Mungu," akasema. "Kweli."

Mei 15
Nimeamka nikamkuta mezani. Kamba imekatwa. Lile daftari jeusi liko wazi, ukurasa mpya, na anaandika kwa herufi zake za kifundi, kubwa, zenye kusimama. Alipomaliza akanisogezea nisome.

*Saa za kazi: tatu na nusu. Hitilafu: mota kuzunguka kinyume chini ya tanga. Chanzo: mwendeshaji alifundishwa na fundi wa dizeli, tena alifundishwa vizuri mno. Marekebisho: beringi imelegezwa. Fundi ameanza kujifunza upya. Safari ya kwa binti: Jumatatu, upepo ukikubali.*

Juu kabisa, mahali pa jina la injini, ameandika Bi Mdogo.

Nilisoma mara mbili kwa sababu macho yalikuwa na maji. Kisha nikamuuliza, kama Bi Mkubwa ameondoka na huyu ndiye Bi Mdogo, mimi humu ndani ni nani.

"Wewe ndiye nahodha," akasema. "Ila ukishapandisha tanga, mikono mfukoni."